Mkalimani wa Saa Sita Mchana

Uvumi Kazija aliusikia kwenye foleni ya kupima mizigo, na tangu siku hiyo ukamganda kama harufu ya samaki wakavu wa mtaa wa Yide Lu. Kuna mwanafunzi wa kiume, jina halikutajwa, alijifanya anamfundisha kompyuta binti wa mfanyabiashara mmoja. Mwezi wa pili binti akagoma kupanda ndege ya kurudi nyumbani.

Kazija alikuwa na binti mmoja tu, Muzdalifa. Alikuwa amemleta Guangzhou wiki chache, wanunue vyombo na mapazia ya harusi yake. Bwana harusi alikuwa anangoja Dar es Salaam. Aliitwa Marijani, mwenye maduka matatu Kariakoo na umri wa miaka hamsini na mbili. Muzdalifa hakusema anamtaka wala hamtaki. Alisema, "Ukishaamua wewe, mama, mimi nina neno gani," na Kazija akalihesabu hilo kuwa ndiyo.

Basi akawa mlinzi. Sokoni walikwenda pamoja, wakarudi pamoja. Wanafunzi wa kiume walisalimiwa kwa mbali, tena bila kusimama. Mchana, Wachina walipofunga maduka walale kidogo, mama na mwana walijifungia chumbani kwao, ghorofa ya kumi na tatu ya jengo la Tianxiu Dasha, wakafungua televisheni ya mwenye chumba.

Saa sita kulikuwa na mchezo wa kuigiza, kila siku sehemu moja. Picha nzuri, lakini maneno hawakuambulia hata moja.

Muzdalifa ndiye aliyemleta Safia. Msichana wa Pemba, anasomea udaktari mwaka wa tatu, baibui mpaka vidoleni, swala haimpiti. Kazija alimtazama juu mpaka chini akaridhika. Angalau huyu hakuwa mwanamume.

"Huyo mama mwenye koti la kijivu," Safia alitafsiri siku ya kwanza, "anamtafuta binti yake. Katoroka nyumbani."

"Katorokea nini?"

"Anaozwa kwa nguvu, Bi Kazija. Kwa mtu mzima mwenye viwanda."

"Kuolewa na mwenye viwanda nako ni kwa nguvu?"

Fathiya, jirani wa chumba cha pili, mnunuzi wa vitambaa kutoka Unguja, alikuwa amekuja na karanga zake. "Mtazameni macho yule mama," alisema. "Hana huruma hata ya kusingiziwa."

"Anamtakia mema mwanawe," alisema Kazija.

"Shoga, mema gani hayo ya kumkimbiza mtoto sokoni mpaka kiatu kinamvuka?"

Siku ya tatu mama wa koti la kijivu alimdaka binti kituo cha treni. Siku ya nne binti alikuwa ndani ya chumba kidogo. Dirisha lina nondo, na chakula kinapitishwa kwa tundu la mlangoni.

"Kawekwa ndani kama mwali," alisema Fathiya. "Kumbe na wao wana unyago."

Safia alifikiri kidogo. "Wanao," alisema.

Siku ya tano mama yule aliweka mezani karatasi yenye muhuri mwekundu. Binti akaisoma, akaegemeza paji la uso ukutani, akalia.

"Barua ya posa," alisema Safia. "Imeshakubaliwa bila yeye kuulizwa."

"Na muhuri kabisa?"

"Huku posa inapigwa muhuri."

Kazija aliweka kikombe chini. "Anasemaje hapo?"

"Anasema, 'Mama, uliponiona nimenyamaza ulidhani nimekubali.'"

Muzdalifa alikuwa anamenya chungwa. Hakuinua macho.

Fathiya alijifuta machozi kwa ncha ya kanga. "Mimi ningekuwa mama yule ningeichana ile karatasi. Huyo mwenye viwanda akaoe viwanda vyake."

Kabla ya alasiri Kazija alishuka kwenye kibanda cha simu. Aliongea na Marijani dakika nne. Alisema posa imevunjika, mahari itarudishwa, lawama zote ni zake yeye. Marijani alisema sawa, kisha akauliza kama zile taa alizoagiza za dukani bado zitakuja. Muzdalifa alipoambiwa alimbusu mama yake mikono yote miwili.

Siku ya sita Safia hakuja. Ana mtihani, alisema Muzdalifa. Ilikuwa sehemu ya mwisho. Binti alipandishwa gari lenye vioo vyeusi, na mama wa koti la kijivu akabaki barabarani anatabasamu, watu wanampa mkono na maua.

Kazija hakuweza kukaa bila kujua kama mtoto yule alisalimika. Alimwendea Mzee Liang, mlinzi wa lifti, ambaye ujanani alijenga reli kule Mlimba na Kiswahili chake cha kambini hakijamtoka. Mzee aliufuata mchezo ule tangu mwanzo kwenye kitelevisheni chake. Alimjibu kwa maneno machache na vidole vingi.

Kazija alimshukuru. Hakuingia kwenye lifti. Alipanda ngazi za ghorofa zote kwa miguu, akachana ubavu wa katoni ya vikombe, akaandika kwa herufi kubwa, kwa ajili ya akina mama watakaokuja huku na mabinti zao:

MAMBO YA KUEPUKA

Usimwache binti aende sokoni peke yake.

Usinywe maji ya bomba.

Usidhani wa kuogopwa ni wanafunzi wa kiume tu.

Usikubali binti yako akutafutie mkalimani.

Usipige simu nyumbani mchezo haujaisha.

Usimlilie msichana wa mchezo wa saa sita. Yule mama wa koti la kijivu ni askari kanzu, msichana ni mwizi wa pikipiki, na ile barua ya posa ni hati ya mashtaka.