Mnyoo wa Mpira

Paliondokea Fisi Maji, mwogeleaji hodari na tishio la kila samaki ziwani. Siku moja aliwaona binadamu wakivua ukingoni kwa mnyoo wa mpira, akautamani ustaarabu. Akaacha kupiga mbizi, akatafuta ufito, mshipi, ndoana na mnyoo wa mpira, akakaa kitako juu ya jiwe.

Kila asubuhi Sangara alikwenda kuudonoa mnyoo ule kwa ncha ya mdomo, kisha akauachia. Huko juu Fisi Maji akasisimka: "Leo nampata!"

Jirani yake Sangara, Kambale, alichanganyikiwa.

"Dada, kile ni mpira. Hakina ladha wala damu."

"Najua, kaka."

"Na ndoana unaiona?"

"Naiona vizuri."

"Sasa unadonoa nini?"

"Nadonoa ili mwenyewe asichoke kungoja."

Kambale akazidi kupotea. Asichoke kungoja, ili iweje? Alijigeuza matopeni akawaza. Mwishowe akaamua kwamba jirani yake amerukwa na akili, na mwendawazimu huzuiwa. Asubuhi akajilaza mlangoni mwa pango la Sangara, akakataa kumpisha.

Juu ya jiwe, Fisi Maji alingoja mnyoo udonolewe. Kimya. Akangoja tena. Kimya. Akautupa ufito majanini.

"Ah! Ustaarabu gani huu wa kushinda na njaa?"

Akajitosa majini, chubwi!

Sangara alikuwa ndani ya pango. Aliyekuwa mlangoni ni Kambale, na maneno ya jirani yake yalimwingia siku hiyo, pamoja na meno.