Ua Lisiloguswa na Mbuzi

Mara ya tatu, Glavu alimnyang'anya yule mama mche mkononi na kuurudisha kwenye safu yake.

"Nimeshakwambia, mama. Ua hili simuuzii mtu mwenye mtoto mdogo."

Jina la Glavu alipewa na wauza miche wenzake. Walisema hata siku ya ndoa yake atavishwa pete juu ya glavu. Alicheka nao, lakini hakuzivua. Miaka ya nyuma alikata shina la ua lile kwa mikono mitupu, kisha akajifuta jasho. Utomvu mweupe ukamwingia jichoni, na kwa siku tatu akaiona dunia kama mtu aliye ndani ya moshi. Hilo alilisahau. Ambalo hakulisahau ni mtoto wa mteja wake mmoja, aliyetafuna majani mawili tu akatapika mpaka akalazwa. Mtoto alipona. Lakini tangu hapo, mtu akilitaka ua lile, Glavu humuuliza kwanza anaishi na nani.

Na yule mama, fundi cherehani mwenye vipande vya uzi vilivyomganda begani, hakusita. Tangu siku ya kwanza alijibu, "Ninaye mmoja. Wa miaka minne."

"Sasa si uchukue haya mengine? Yako ya kila rangi."

"Yote hayo nilishapanda. Mbuzi wa jirani wameyala mpaka mashina. Wewe mwenyewe ulisema hili mbuzi haligusi."

"Mbuzi ana akili. Mtoto bado."

"Na linaita vipepeo," mama akasema, kana kwamba hakusikia. "Mtoto wangu anawapenda sana."

Glavu akamtazama. Siku tatu anamweleza mtu jambo lile lile, na mtu anamjibu vipepeo.

"Mama, niwie radhi. Huyo mtoto unampenda kweli?"

Mama akaketi juu ya mfuko wa mbolea, akajifunika uso kwa mtandio, akalia bila sauti, mabega tu yakitikisika. Wateja wakaanza kugeuka. Glavu akaona haya. Ulimi hauna mfupa, na wake ulikuwa umeteleza pabaya.

"Basi, mama. Basi. Jumamosi nitakuja nipaone mahali penyewe. Nikiridhika, nitapanda kwa mkono wangu. Nisiporidhika, narudi na miche yangu na tusilaumiane."

Jumamosi alasiri alifika na miche sita kwenye kreti na jozi mbili za glavu mpya. Nyumba ilikuwa ndogo, uwanja umefagiwa. Kando ya mlango palikuwa na buti za mvua nyekundu, ndogo, tope limekaukia kwenye soli. Mume wa mama, mwashi mwenye mikono mipana, alitoka kumpokea. Glavu akampa kifundo cha mkono badala ya kiganja, wakasalimiana hivyo.

"Mtoto yuko wapi?" Glavu akauliza.

"Amelala," mama akasema.

Kuanzia hapo Glavu akawa anaongea kwa sauti ya chini.

Wakampeleka nyuma ya nyumba. Palikuwa na tuta fupi lililozungushiwa mawe, na juu yake mashina yaliyogugunwa. Jua lilikuwa linapiga pale bila kizuizi.

"Jua linatosha. Na maji hayatuami, ndivyo linavyotaka," Glavu akanong'ona. "Mawe nani kapanga? Yamenyooka kama rula."

"Mimi," mwashi akasema, akageukia ukutani.

Glavu akawapa glavu, akawaeleza kama alivyowaeleza wengi. Wamwagilie udongo, si majani. Wakikata tawi, wageuze uso pembeni, na tawi wasimtupie mnyama, walifukie. Wakimaliza, waoshe mikono kwa sabuni kabla ya kugusa jicho au chakula.

"Na mtoto asiachwe hapa peke yake. Hata dakika moja."

"Sitamwacha," mama akasema. "Kila jioni nikifunga cherehani nakuja kukaa naye."

Aliyasema kwa upole mno hata Glavu akajuta zaidi kwa lile swali la sokoni. Alitaka kuomba msamaha tena, hakujua aanzie wapi, akaona bora apige magoti achimbe. Kila shimo kina cha shubiri moja. Mama naye akapiga magoti upande wa pili, glavu zikimpwaya, akawa anapokea mche, anauweka, anaurudishia udongo polepole. Mwashi hakupiga magoti. Alisimama na kopo la maji mkononi, akimwaga alipoambiwa amwage.

Wakapanda mmoja, wa pili, mpaka watano. Kipepeo mmoja wa manjano alishatua kwenye ua la kwanza. Mama alimtazama na kwa mara ya kwanza Glavu akamwona akitabasamu, tabasamu dogo, lililopotea lilipoanzia.

Mche wa sita mama aliutoa kwenye mfuko wake, akaunyanyua. Mizizi ikaning'inia, myembamba, myeupe.

"Hii nayo ina sumu?" akauliza.

"Mmea wote, mama. Ua, jani, mpaka mizizi."

"Inakwenda chini kiasi gani?"

"Ukistawi sana, futi moja na nusu. Mbili haifiki."

Mama hakuupanda. Aliinua uso, akamtazama mumewe.

"Kaburi lake," akauliza, "ulilichimba futi ngapi?"