Duka la Nguchiro Linafungwa Tena

Zamani, ila si zamani sana maana intaneti ilishafika porini, Nguchiro alikuwa na duka la mtandaoni la gemu za mashine kuukuu. Mteja alibaki mmoja tu, Kobe, aliyepakua gemu moja kila Ijumaa.

"Mzee Kobe, nafunga," alisema Nguchiro, asiyejua subira. "Wenzako wote wana mashine mpya."

"Sawa, mwanangu. Ila watangazie kwanza."

Nguchiro akatangaza kwamba imebaki wiki moja. Loo! Fisi akaichomoa mashine yake uvunguni, Ngiri akaipangusa yake vumbi, wakapakua gemu bila kupumua huku wakilia, "Usitufungie utoto wetu!" Moyo wa Nguchiro ukalainika, akaahidi kwamba hafungi.

Ijumaa iliyofuata alikaa akingoja umati. Akaja Kobe, peke yake.

"Wako wapi wale waliokuwa wakilia?" Nguchiro alifoka.

"Wametulia, wanajua duka lipo," alijibu Kobe, akichagua gemu yake taratibu. "Mwakani watangazie tena."

Basi tangu hapo duka lile linatangazwa kufungwa kila mwaka, na halijafungwa hata siku moja.