Nukta Kati ya Chai na Usingizi

"Mama, sentensi hizi mbili ni chanda na pete," mchapaji alisema, macho kwenye kompyuta. "Naziunga kwa nukta-mkato. Sikiliza: 'Jioni alikunywa chai ya mkewe; akalala, hakuamka.'"

Mjane, aliyekuja kuchapisha wasifu wa marehemu mumewe, aliruka kama aliyekanyaga kaa la moto.

"Nani kakwambia zinahusiana? Weka nukta! Chai ni chai, kulala ni kulala."

"Mbona ulizitamka kwa pumzi moja?"

"Weka nukta, baba, tumalize."

Kidole cha mchapaji kikabaki kinaelea juu ya kibodi. Alishaona wafiwa wakigombania picha, vyeo, hata nani atajwe kwanza. Nukta? Hakuwahi.

Akamtupia jicho dada wa marehemu, aliyeketi kwenye benchi na kikombe alichomiminiwa na wifi yake kutoka kwenye chupa ya chai waliyokuja nayo. Kilikuwa kimeshafika mdomoni. Mvuke ulimlowesha ncha ya pua.

Dada mtu akakishusha polepole mpaka sakafuni, bila kumwaga hata tone.

"Soma tena, kaka," akasema. "Kama ulivyoiandika mwanzo."