Joto la Pipa

Nyamizi alikuwa amefukia mitungi ya gongo chini ya jalala na kuliingiza bomba la shaba ndani ya godoro. Askari alipekua mpaka uvunguni, akatoka mikono mitupu. Alipofika uani akasimama kando ya pipa la plastiki na kutumbukiza mkono ndani ya maji.

Nyamizi akakumbuka. Pipa! Asubuhi nzima mvuke wa gongo ulikuwa umepita kwenye bomba lililozama humo, ukipoa na kugeuka matone, na joto lake lote ukiyaachia maji. Alikuwa ameficha kila kitu isipokuwa hilo joto.

"Maji yana moto," askari alisema polepole. "Na pipa la plastiki halipandi jikoni. Nieleze, dada."

"Ya kuoga, afande. Ya mama mkwe wangu, miguu inamsumbua kwa baridi."

"Mwite."

Nyamizi aligeukia mlango. Tangu aanze kupika gongo, yule bibi hakuwahi kumwitikia hata salamu, seuze kugusa chake.

Pazia la mlango likasogea. Bibi akatoka na tasbihi mkononi, akalitazama pipa kwa muda mrefu. Kisha akaketi kwenye kigoda na kupandisha kanga hadi magotini.

"Mbona unayaacha yapoe, mwanangu?"

Nyamizi akachota kwa kopo, akammiminia. Mguu wa bibi ulishtuka, kisha ukatulia. Askari alikuwa bado hajautoa mkono wake majini.