Kengele ya Kitanda Namba Sita

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe kumi na moja ya mwezi wa tatu, saa nne na dakika tano asubuhi. Mzee alikuwa anafagia ukumbi wa wodi ya wanawake wakati mkewe alipokata roho kwenye kitanda namba sita, ukuta mmoja tu ukiwatenganisha. Kengele ya mezani kwa manesi haikulia. Hilo alikuwa tayari kuliapia popote. Manesi wote watatu walikuwa pale mezani, mbele ya macho yake, na kengele ilikaa kimya kama imekatwa ulimi.

Sasa, mwaka mzima baadaye, alikuwa amesimama kwenye chumba cha mitambo, mgongo kaubana mlangoni.

"Fanya haraka, mwanangu."

"Baba, vidole ninavyo kumi tu."

Binti yake alikuwa fundi wa kompyuta. Kampuni yake ilikuwa imepewa kazi ya kuhamisha mafaili ya hospitali kutoka seva ya zamani kwenda mpya. Saa sita mchana ile ya zamani ingezimwa, ikang'olewa, na kila ilichokumbuka kingepotea nayo. Na saa sita hiyohiyo mzee alikuwa anasubiriwa ghorofani kwa mkurugenzi, yule ambaye wafanyakazi walimwita Bwana Linashughulikiwa, akatie sahihi karatasi. Karatasi ilisema kwamba siku ile programu ya kupiga kengele haikuwepo kwenye seva kwa sababu ya matengenezo, na kwamba familia imeridhika.

"Imeridhika," mzee alisema, kama anayetema kokwa. "Nimefagia hapa miaka kumi na tisa. Darasa la tatu sikulimaliza, lakini mambo ya humu nayajua kuliko wanaoyatia mihuri. Programu ilikuwepo. Wameizima wao ili wanywe chai yao kwa raha, na sasa wanaizika. Samaki huanza kuoza kichwani."

Binti aliandika amri, akabonyeza.

"Jina la programu lipo."

Mzee aliuacha mlango.

"Tulia kwanza, baba. Hapa ni ghalani tu, kwenye orodha ya programu zinazoweza kuwekwa. Maana yake inapatikana kwa anayeitaka. Kuwepo dukani si kuwepo jikoni."

Mzee akarudi mlangoni. Nje, viatu vilipita vikigonga sakafu, vikasimama, vikaendelea. Alijikuta anamfikiria marehemu mkewe. Hakuwa mtu wa mitambo. Hata redio ya nyumbani ilisubiri mume arudi ndipo iwashwe. Alipolazwa, mzee ndiye aliyemfundisha kila kitu pale kitandani, kama mtoto wa siku ya kwanza shuleni: hapa taa, hapa feni, hapa kitufe cha kukinyamazisha kisanduku cha kupima oksijeni kikianza kupiga kelele, maana bibi wa kitanda namba tano alikuwa analalamika hapati usingizi. Nani mwingine angemfundisha? Wakubwa? Wakubwa hata jina lake walilikosea kwenye cheti cha kifo.

"Imewekwa," binti alisema.

"Unasemaje?"

"Programu imewekwa humu miaka minne iliyopita. Haijaondolewa hata siku moja. Matengenezo hayakuigusa."

Mzee alifumba macho. Mwaka mzima walimwita mzushi, mzee wa chuki, mjane wa kiume aliyechanganyikiwa.

"Niliwaambia," alisema taratibu. "Niliwaambia wakanicheka."

Mlango uligongwa nyuma ya mgongo wake. Ilikuwa sauti ya karani wa mkurugenzi. "Mzee, upo humo? Bwana mkubwa ameshaweka kalamu mezani."

"Namalizia kupiga deki," mzee alijibu. "Mwambie sakafu bado mbichi, asije akateleza."

Karani alicheka kidogo, lakini hakuondoka.

"Nichapie," mzee alinong'ona. "Nakwenda kumbandika nayo usoni."

"Ngoja. Kuwekwa si kufanya kazi. Acha nione kama siku ile ilikuwa macho."

Mistari ilianza kupanda kwenye kioo, tarehe juu ya tarehe. Binti aliisimamisha. Akasogea karibu. Midomo yake ilisoma bila sauti, kisha akarudi juu, akasoma upya kutoka mwanzo.

"Vipi?"

"Ilikuwa macho."

"Basi waliinyamazisha pale mezani."

"Hapana, baba. Haikufika mezani." Aliweka kidole kwenye kioo. "Kisanduku kikilia, seva inasubiri dakika moja. Mtu akikinyamazisha palepale kitandani, seva inahesabu kuwa nesi ameshafika, kwa hiyo haipigi kengele mezani. Tazama. Saa tatu na dakika hamsini na moja, kitanda namba sita, kimelia, kimenyamazishwa kitandani. Hamsini na sita, kimelia, kimenyamazishwa. Saa nne na dakika moja, hivyohivyo; kila kikinyamazishwa kinakaa kimya dakika tano. Kisha basi."

"Nesi gani huyo?" Sauti ya mzee ilipanda. "Nitajie nesi."

"Wewe mwenyewe uliandika kwenye malalamiko yako. Wote watatu walikuwa mezani, uliwaona kwa macho yako."

Karani aligonga tena. "Mzee, saa sita hiyo."

Binti aligeuza kiti polepole, akamtazama baba yake. Machozi yalikuwa yameshamlenga, lakini aliuliza kwa sauti ileile ya kazi.

"Baba, mama hata redio alikuwa haiwashi mwenyewe. Nani alimwonyesha kile kitufe?"