Mzee Samad Amesahau

"Baba, mimi nani?" Masrat aliuliza, kijiko cha wali kikiwa mbele ya mdomo wa mzee.

"Wewe daktari. Umekuja kunidunga tena?"

Shangazi Zooni, aliyekuwa akiota moto wa chungu cha makaa alichokibeba ndani ya kanzu yake nene kwa baridi, akacheka bila furaha. "Na mimi je, kaka?"

"Wewe mke wa mchinja kondoo. Nyama yenu mifupa mitupu!"

Masrat hakucheka. Alikuwa anamalizia mwaka wake wa mwisho wa udaktari, akizunguka wodi hadi wodi pale Srinagar. Baba yake akiwa bado na akili timamu, aliomba nafasi ya kusomea ubingwa wa watoto kule Delhi. Usaili aliufaulu, ilibaki yeye tu kusema ndiyo. Akasema hapana.

"Mama hayupo. Nikienda, baba nimwachie nani?" Akaendelea kumchambulia mzee miiba ya samaki, na maneno yakaishia hapo.

Wiki ile ile mzee akaanza kusahau. Kwanza alitafuta kofia nayo iko kichwani. Kisha akatia sukari kwenye chai ya chumvi, ile ya kwao isiyotiwa sukari kamwe. Mwishowe akamsahau binti yake.

Masrat akampeleka hospitalini. Profesa wake akamuuliza mzee siku, mwezi, mji, hata jina la mto unaopita nyuma ya nyumba yao. Yote akakosa.

"Ajabu," profesa akakuna kidevu. "Wagonjwa hawa hupatia walau moja, hata kwa bahati."

Masrat hakusikia. Alikuwa anafuta machozi kwa mkono wa koti lake jeupe.

"Nenda, mwanangu," shangazi alimwambia nyumbani. "Ubaki kwa ajili ya mtu asiyekujua? Kwangu atakula ninachokula."

Basi akawaandikia Delhi kwamba anakuja.

Asubuhi ya safari theluji ilikuwa imelala mpaka kizingitini. Masrat alimbusu mzee mkono, akauweka mwenyewe kichwani pake kupata baraka, maana mzee hakuuinua.

"Safari njema, daktari," mzee alisema, macho yake yakiwa ukutani.

Masrat akatoka analia kama atokaye mazishini. Gari likanguruma, likaondoka.

Shangazi alirudi ndani na birika. Mzee Samad alikuwa bado ameelekea ukutani.

"Zooni, dada yangu," akaita taratibu, "gari la Masrat limeshavuka daraja? Niambie limevuka, nipate kulia."